Faida ya Breki Ipo Dukani, Si Kwenye Spana

Mlio ulianza asubuhi moja nikitoka Tabata kwenda kazini, vioo vikiwa chini. Ulikuwa mwembamba kama wa chiriku, upande wa nyuma kulia. Nikikanyaga breki unanyamaza, nikiachia unarudi. Wengi wakiusikia hudhani gari limeharibika, kumbe limetengenezwa lilie hivyo. Kwenye pedi nyingi za breki kuna ulimi mdogo wa bati, na pedi ikilika hadi kubaki milimita mbili tatu, ulimi ule unaanza kuparuza diski ili ukukere masikio. Ukiupuuza, baada yake litaparuza bati la mgongo wa pedi lenyewe, na hapo si pedi tu, na diski nayo umeiaga.

Gari langu ni Subaru Forester, SH5 isiyo na turbo, la mtumba kutoka Japani kama yalivyo magari mengi ya hapa mjini. Nililizungusha sehemu tatu kuuliza bei ya kubadilisha pedi na diski za nyuma, nikaweka na hesabu ya nne: kufanya mwenyewe uani kwangu. Bei zote humu ni nilizotajiwa mimi, kwa gari hilo. Zako zitakuwa nyingine, na dola ikipanda nazo hazitakaa chini.

Gereji kubwa, ile yenye vigae sakafuni na viti vya kusubiria, walinipa karatasi iliyochapwa vizuri: pedi za boksi la Subaru 190,000, diski mbili 640,000, ufundi 120,000. Jumla 950,000. Chini kabisa, kwa herufi za kutafuta na miwani, wameandika kwamba bei haina VAT. Ongeza asilimia 18, unafika 1,121,000.

Fundi wa pili, chini ya mwarobaini, hakuwa na karatasi. "Dada, nipe laki tano na arobaini, nakuletea kila kitu orijino, jioni unachukua gari lako." Nikamuuliza orijino ya kampuni gani. Akasema, "Orijino, dada." Mazungumzo yakaishia hapo.

Wa tatu ni fundi niliyemzoea. Yeye alisema nikileta spea mwenyewe atanitoza ufundi tu, 30,000. Akaongeza kwa moyo mweupe kwamba diski hata hazina haja ya kununuliwa: "Hizi bado zipo, tunazipitisha kwenye mashine tu." Kuchonga zote mbili, 30,000 nyingine.

Sasa hesabu ya nyumbani. Pedi nilizokuja kununua zilikuwa 95,000, diski 280,000, grisi maalumu ya breki 12,000, dawa ya kopo ya kusafishia breki 15,000. Jumla 402,000. Ningempa fundi wangu pedi na diski zilezile, pamoja na grisi na dawa ileile ili kazi ilingane, ningelipa 432,000. Kwa hiyo kwa kukaa juani na kuchafuka hadi viwikoni, nimeokoa shilingi 30,000. Hapo bado sijanunua vifaa. Stendi mbili za kuegemeza gari 90,000, jiliwa dogo la mkono 20,000, spana ya kupima nguvu 110,000, venia 35,000. Hizo ni 255,000. Ukigawa kwa 30,000, unahitaji kufanya kazi hii mara tisa ndipo vifaa virudishe fedha yake. Pedi zangu za nyuma zilidumu kama kilomita 55,000, na mimi kwa mwaka naendesha kama 12,000. Nikichanganya na za mbele, ambazo huisha karibu mara mbili zaidi, nitaanza kula faida baada ya miaka kama 12. Gari lenyewe limeshavuka miaka hiyo.

Nimeanza na namba hizi makusudi, kwa sababu wengi wetu tumejifunza ufundi wa breki kwa video kutoka Marekani, na kila video inaanza na mtu mwenye glavu anayekuambia utaokoa mamia ya dola. Hadanganyi. Kaka yangu yuko Columbus, Ohio, na huko gereji kwa kawaida hutoza zaidi ya dola 100 kwa saa moja ya ufundi, wakati diski za gari la kawaida ni rahisi kiasi kwamba hakuna anayehangaika kuzichonga. Maduka kama AutoZone hata yanakuazima vifaa kwa kuweka amana, ukirudisha unarudishiwa fedha yako. Kule ghali ni mikono, spea ni rahisi. Hapa kwetu mikono ndiyo rahisi, na spea inakuja imeshapanda meli, imelipiwa ushuru, imepita kwa wauzaji wawili watatu kabla ya kufika kaunta. Ukichukua hesabu ya Ohio ukaileta Tabata, inakudanganya.

Faida yetu sisi iko wapi? Rudi kwa fundi wa pili. Bei yake 540,000. Bei yangu ya kununua spea nzuri mwenyewe na kumlipa fundi kwa kazi, bila grisi wala dawa, ni 405,000. Tofauti ni 135,000, na hiyo ndiyo cha juu, pamoja na hatari ya kutojua ulichofungiwa. Simlaumu, ameenda Kariakoo kwa nauli yake na ameacha kazi nyingine. Lakini nikipata Jumamosi moja ya kwenda mwenyewe, ile Jumamosi inanilipa mara nne na nusu ya ile ya kushika spana.

Kabla ya kwenda dukani, vua tairi moja ya nyuma uangalie una nini. Toyota IST nyingi, Passo na Vitz za kawaida hazina diski nyuma kabisa. Zina dramu, na makala hii haiwahusu. Kama una diski, angalia hendibreki inashika wapi. Kwenye Forester yangu, na kwenye Mark X na Prado za zamani pia, katikati ya diski kuna dramu ndogo yenye viatu vyake vya breki ndani, na hendibreki inavuta viatu vile. Kalipa yenyewe ni ya kawaida: pistoni unaisukuma ikarudi, basi. Kwenye Volkswagen Golf za hendibreki ya kuvuta mambo ni mengine, kwa kuwa hendibreki inafanya kazi kupitia pistoni ileile, na ukiisukuma kwa nguvu bila kuizungusha kwa kifaa chake utaivunja ndani. Na magari yenye hendibreki ya kitufe, kama Passat ya kuanzia 2005, yana mota ndogo kwenye kalipa ambayo lazima irudishwe nyuma kwa kompyuta kwanza. Mwenye gari la namna hiyo nafasi yake ni dukani tu, uani asiende.

Nikaanza na diski, kwa sababu ndiyo ghali na ndiyo yenye uongo mwingi.

Diski ya breki ni kipande cha chuma cha kusubu. Haina siri, ina unene tu. Mtengenezaji ameamua ikifika unene fulani itupwe, na ameigonga namba hiyo kwenye chuma chenyewe, pembezoni au kwenye kofia ya katikati. Kwangu imeandikwa MIN 8.5 mm, na diski mpya ni milimita 10. Maisha yote ya diski yangu, basi, ni milimita moja na nusu. Fundi wangu aliposema diski bado zipo aliweka venia akasoma 9.6, akanionyesha. Alisoma sawasawa, ila alipima mahali pasipofaa. Diski ikilika, pedi inachimba katikati na kuacha ukingo juu ambao pedi haiufikii, hasa huku pwani ambako ukingo ule unavimba kutu. Meno ya venia yanashika ukingo. Dawa yake ni sarafu mbili: weka moja kila upande, ndani ya eneo linaloliwa, pima zote pamoja, kisha toa unene wa sarafu. Tulipofanya hivyo tulipata 8.9.

Hapo suala la kuchonga likajimaliza. Mashine inapita pande zote mbili, na kwa diski yenye mifereji kama yangu itakula robo milimita kila upande ili uso unyooke. 8.9 ukitoa nusu unabaki na 8.4, chini ya kiwango kabla sijatoka kwa mchongaji. Ningelipa 30,000 kununua diski ya kutupa. Kuchonga si kosa. Diski ya mbele yenye unene wa kutosha na uso wenye mawimbi nimeshaichonga na ikanitumikia. Lakini diski nyembamba ya nyuma mara nyingi haina nyama ya kutoa. Fundi alipiga hesabu ile kwa kidole kwenye vumbi la boneti, akacheka, akasema tununue.

Kununua nako kuna ngazi. Nilianzia Ilala kwenye spea za mtumba wa Japani, nikapata jozi kwa 120,000. Nilizipima kwa sarafu zangu, 9.3. Wenye maduka walinitazama kama mtu anayepima embe. Kariakoo jozi mpya zisizo na jina, kwenye boksi jeupe, 180,000. Jozi za kampuni inayojulikana, boksi lina namba na diski imegongwa alama, 280,000. Za Subaru, tayari unazijua, 640,000.

Nilijaribu kuzilinganisha kama ninavyolinganisha mchele: kwa kipimo, siyo kwa gunia. Diski mpya inakupa milimita 1.5 za kutumia, yaani sehemu 15 za moja ya kumi. Zisizo na jina zinakuwa 12,000 kwa kila sehemu. Za mtumba zina sehemu nane tu zilizobaki, hivyo ni 15,000. Zenye jina ni karibu 18,700. Za boksi la Subaru ni karibu 42,700. Ona kwamba mtumba, ulioonekana rahisi kuliko vyote, si rahisi hivyo. Unanunua diski iliyokwisha karibu nusu, na utalipa ufundi tena mapema. Ningechukua mtumba endapo ningekuwa nauza gari mwezi ujao, jambo ambalo mnunuzi wangu asingelifurahia.

Kwa karatasi, basi, zisizo na jina zilishinda. Nikatoa venia tena, hapo hapo kaunta, nikapima diski moja mahali sita kuizunguka. Sehemu moja 10.1, ng'ambo yake 9.9. Mpya, kutoka kwenye boksi. Tofauti ya sehemu mbili za kumi za milimita inasikika ndogo, lakini mguu unaanza kuhisi pedali ikidunda kwa tofauti ndogo mara kadhaa kuliko hiyo. Watu wakihisi hivyo husema diski imepinda. Mara nyingi haijapinda. Ina unene usiolingana, au imefungwa juu ya kutu. Hii ya kwangu ingedunda tangu siku ya kwanza. Muuzaji aliniambia hakuna mteja aliyewahi kuilalamikia, nami nikaamini, maana hakuna mteja aliyewahi kuja na venia. Zenye jina zilisoma 10.0 kila mahali. Nikalipa 280,000 na sikuumia.

Kwa nini sikwenda hadi 640,000? Kwa sababu kazi kubwa ya kusimamisha gari iko mbele. Ukikanyaga breki uzito wote unainamia mbele, na diski za nyuma zinabaki na sehemu ndogo ya kazi na ya joto. Kwa gari la mjini, linaloshuka Kitonga mara moja kwa mwaka likitoka Iringa, diski ya nyuma yenye vipimo sahihi inatosha. Za mbele ningefikiri mara mbili.

Pedi ni hadithi nyingine. Diski unaweza kuipima, pedi huwezi. Ule unga ulioshindiliwa umechanganywa nini, umeokwa vipi, umegandishwaje kwenye bati, hakuna venia itakayokuambia. Ndiyo maana nilikuwa bahili kwenye diski na siyo kwenye pedi, kinyume cha ushauri niliopewa na karibu kila mtu. Pedi za 35,000 zipo, zinang'aa na zina rangi nzuri. Niliziacha. Nilichukua za 95,000, za kampuni ya Kijapani inayotengenezea viwanda vya magari pia, badala ya 190,000 za boksi la Subaru.

Vipo vitu vichache vya kuangalia mgongoni mwa pedi. Zenye idhini ya Ulaya huwa na herufi E ndani ya duara na namba inayoanza 90R, ikimaanisha zimefaulu Kanuni Namba 90 ya Umoja wa Mataifa ya pedi za kubadilishia. Nyingi pia huwa na herufi mbili mwishoni mwa namba ndefu, kama FF au GG au EE. Ya kwanza ni kiwango cha msuguano pedi ikiwa ya baridi, ya pili ikiwa ya moto. E ni kati ya 0.25 na 0.35, F hadi 0.45, G hadi 0.55. Ukikuta FE, maana yake pedi ikichemka nguvu inapungua, na ni afadhali ujue hilo duka likiwa wazi kuliko katikati ya mteremko. Sasa, mwenye kuchapa boksi feki anaweza kuchapa na herufi hizi, sikatai. Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo yenye kazi ya kupambana na bidhaa bandia Tanzania Bara, lakini ofisa wake hatasimama nawe kaunta. Nilichofanya ni kununua kwenye duka lenye anwani, nikachukua risiti ya EFD yenye jina la spea, na nikakubaliana na muuzaji kwamba zisipoingia nazirudisha zikiwa safi. Aliyekataa sharti hilo nilimuaga kwa heshima.

Agiza kwa namba ya chesisi, usiagize kwa jina la gari. Forester yenye turbo ina breki kubwa kuliko yangu, na kwa muuzaji mwenye haraka zote ni "Forester ya mwaka huo". Na nunua jozi. Diski moja mpya na moja kuukuu kwenye ekseli moja ni gari linalotaka kwenda upande wake.

Kazi yenyewe nitaisimulia kwa mkato, kwa kuwa spana haina maneno mengi. Mpwa wangu alikuja kunisaidia. Ua wetu ni mchanga, jeki inazama kama kijiti kwenye uji, kwa hiyo tuliweka ubao mnene chini yake na chini ya kila stendi. Matairi ya mbele tukayazuia kwa mawe pande zote, maana ukifanya kazi ya nyuma lazima hendibreki iwe imeachiwa. Nati zikalegezwa gari likiwa bado chini. Lilipokaa juu ya stendi tulilisukuma kwa bega kabla ya mtu kuingiza mkono. Gari lililoshikwa na jeki peke yake usiingize hata kichwa. Ukiwa huna stendi, kazi hii si yako.

Kalipa ikafunguka kwa spana 14 na mabano yake kwa 17. Kalipa usiiache ining'inie kwa mpira wake wa mafuta. Ifunge kwa waya kwenye springi. Diski ikagoma. Kutu ilikuwa imeishika kwenye habu, na hapa ndipo nyundo hutolewa mitaani na kelele kuanza. Lakini diski za Subaru, na za Toyota pia, zina matundu mawili madogo yenye uzi ambayo wengi hudhani ni mapambo. Ingiza bolti mbili za milimita 8, uzi wa 1.25, kaza moja kidogo, kaza nyingine kidogo, na diski inajitoa yenyewe kama jino la maziwa. Bolti zile nilizinunua kwa shilingi 1,000 kila moja, nimesahau kuziweka kwenye hesabu, ziongeze.

Upande wa kulia, uliokuwa unalia, ndipo nilipoelewa kwa nini nimekaa juani. Pedi ya nje ilikuwa na milimita sita. Ya ndani ilikuwa imebaki kama karatasi. Pedi mbili za gurudumu moja zinatakiwa zilike pamoja, na zisipolika pamoja maana yake kalipa haitelezi. Kweli: pini moja ya kalipa ilikuwa imekwama kwa kutu na grisi iliyokauka kuwa gundi. Fundi aliyebadilisha pedi mara ya mwisho, na si yeyote kati ya hawa watatu, alikuwa ametoa za zamani akaweka mpya bila kuzigusa pini. Ilimchukua dakika arobaini na alinitoza kidogo, nikamsifu. Nusu ya pedi zile niliitupa ikiwa bado nzima kwa sababu hiyo. Pini ilitoka kwa kuzungushwa nusu saa, tukaisugua, tukaipaka grisi ya breki. Usipake grisi ya kawaida ya bearingi, kwani mafuta yake yanavimbisha mipira na pini itakwama upya.

Mengine mafupi. Habu isuguliwe kwa brashi ya waya hadi ing'ae, maana chembe ya kutu nyuma ya diski mpya inaifanya iyumbe. Diski mpya inakuja na mafuta ya kuzuia kutu; ioshe kwa dawa, au kwa maji ya moto na sabuni kisha ikauke. Mafundi wengi hutumia petroli, inaacha utando na inawaka. Vumbi la breki usilipulize kwa mdomo wala kwa upepo wa kompresa, kwa sababu pedi kuukuu za asili usiyoijua zinaweza kuwa na asbesto, lilowanishe. Kabla ya kusukuma pistoni kwa jiliwa, fungua kichupa cha mafuta ya breki uangalie. Kama kuna mtu alikuwa anaongeza mafuta kila yaliposhuka, yatamwagika, na yanababua rangi ya gari. Mafuta hushuka kadiri pedi zinavyolika. Kushuka kidogo si lazima kuwe kuvuja. Mwisho, kupitia tundu dogo la kurekebishia, zungusha nyota ya viatu vya hendibreki kwa bisibisi hadi viguse kidogo, kisha rudisha. Hatua hii ndiyo inayorukwa sana, ndiyo maana hendibreki za magari mengi mjini zinavutwa hadi karibu na dari.

Halafu, kabla ya kuwasha gari kutoka, kanyaga pedali mara kadhaa hadi iwe ngumu. Pistoni zimesukumwa ndani, na mkanyago wa kwanza unakwenda hadi sakafuni bila kushika chochote. Nimesikia ukuta wa jirani ulivyobomolewa na mtu aliyesahau jambo hili moja.

Tulitumia saa tano. Upande wa kwanza karibu nne, wa pili saa moja na dakika kumi. Jioni nikalipeleka gari barabara tulivu, nikapunguza mwendo kutoka 60 hadi 15 kama mara kumi, bila kulisimamisha kabisa, ili pedi na diski zizoeane. Harufu ya kuungua kidogo ni ya kawaida. Baada ya siku mbili nikakaza nati upya.

Nitarudia kushika spana? Nikiwa na Jumamosi tupu, ndiyo, lakini sitajidanganya kwamba ni kwa ajili ya ile 30,000. Mwenye kazi nyingi au ua wa mteremko aende dukani na venia, alete spea, ampe fundi grisi na dawa mkononi, akae kwenye kigoda karibu na aombe kuonyeshwa pini zikitoka kabla pedi mpya hazijaingia. Atalipa 432,000 na kupata karibu kila nilichopata mimi. Fundi wangu nilipomweleza habari ya pini alinyamaza kidogo, akasema wateja wengi hawataki kulipia nusu saa ya kusugua kitu wasichokiona. Nikakubali. Tukapatana kwamba za mbele zikifika atafanya yeye, kwa 40,000 badala ya 30,000, na pini zitatoka mbele yangu.

Diski kuukuu zilikaa karibu na geti wiki nzima hadi alipopita kijana wa chuma chakavu na mkokoteni wake. Alizitundika kwenye mizani, kilo tisa, akanipa 6,300. Toa kwenye 402,000, ongeza zile bolti za 2,000.